Mtoto ameanza kurusha mguu juu ya kitanda chake cha fito, nimhamishie kitanda kikubwa au nisubiri?

Mama Tunu

Habarini wazazi wenzangu, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika. Binti yangu ana miaka miwili na miezi miwili, tangu mdogo analala kwenye kitanda chake cha fito, kile chenye ukingo pande zote nne, na kwa kweli usingizi wake haujawahi kutusumbua, ukimweka anajigeuzageuza, anaongea na mdoli wake, baadae kimya mpaka asubuhi. Sasa siku hizi za karibuni ameanza mchezo wa kushika ule ubao wa juu na kurusha mguu, juzi nimemkuta goti lishafika juu kabisa. Hajadondoka bado ila moyo wangu hautulii, nikisikia kishindo chochote usiku natoka mbio.

Baba yake anasema tumhamishe leo leo alale kitanda cha kawaida. Mi naogopa vitu viwili. Kwanza akiwa kwenye kitanda kilicho wazi atashuka usiku wa manane aanze kuzurura nyumba nzima na sisi tumelala. Pili nna ujauzito, Mungu akijalia mtoto anakuja baada ya miezi mitatu hivi, na kile kitanda tulipanga mdogo wake akirithi, sasa sitaki aone kama amefukuzwa kwake ili mwenzie akae. Halafu kuna mtu kanishauri eti hapo hapo nimuachishe na pampasi, yaani vyote kwa mpigo mmoja, hata sijui nifuate lipi.

Naulizeni, umri sahihi ni upi? Nianze na usingizi wa mchana au wa usiku? Na huko kuzurura mnakuzuiaje bila kumfungia mlango? Godoro nilishalishusha mpaka ngazi ya mwisho, hapana pa kushusha tena.

Baba Pacha

Pole mama Tunu na hongera kwa ujauzito. Kwenye umri mi nakwambia achana na miaka, chukua futi kamba. Pima vitu viwili, urefu wa binti akiwa amesimama peku, na urefu wa ule ubao wa juu kuanzia juu ya godoro, siyo kuanzia sakafuni. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinasema mtoto akifika inchi 35, kama sentimita 89 hivi, au ule ukingo ukiwa mfupi kuliko robo tatu ya urefu wake, basi kitanda kile kimeshamalizana naye, awe na mwaka na nusu au awe na miaka mitatu. Ukitaka kupima haraka msimamishe humo ndani, ubao ukimfika kwenye chuchu au chini ya hapo ujue kuvuka siyo kazi kwake.

Na kinachotisha siyo kule kushuka, ni namna anavyoshuka. Mtoto wa umri huu kichwa bado kizito ukilinganisha na mwili, akishapitisha kifua juu ya ubao uzito wote unaenda mbele, anatangulia kichwa. Na anaanguka kuanzia juu ya ubao, siyo kuanzia godoroni, ndo maana kudondoka kwenye kitanda kifupi cha wazi huwa ni kilio cha dakika mbili lakini huku unaweza kuishia hospitali. Tuletee vipimo kwanza alafu tuongee.

Mama wa Watatu

Mi napinga kidogo kabla hujakimbilia kununua kitanda. Wangu wote watatu nimewaacha kwenye kitanda cha fito mpaka wanakaribia miaka mitatu na wa nne akija ntafanya hivo hivo. Mtoto wa miaka miwili ukimwambia kaa kitandani maneno anayaelewa vizuri tu, ila kujizuia ndo hawezi, akiona mlango upo na miguu ipo anaenda. Akikaribia mitatu unaweza kupatana naye jambo jioni na akalikumbuka usiku, hapo ndo kitanda cha wazi kinakuwa rahisi.

Na siyo mawazo yangu tu, kuna utafiti ulitoka 2018 wa wazazi wenye watoto wa miezi 18 mpaka 36 kwenye nchi tano (Marekani, Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand), waliokuwa wanalala kwenye vitanda vya fito walikuwa wanaenda kulala mapema, wanachukua muda mfupi kupata usingizi, wanaamka usiku mara chache kuliko wale wa vitanda vya wazi. Najua mtu atasema labda hao waliohamishwa ndo walikuwa wasumbufu tangu mwanzo, inawezekana kabisa, utafiti wenyewe haukuwahamisha watoto ukaangalia nini kinatokea. Ila bado sioni faida ya kuharakisha kama kitanda kinamzuia.

Jaribu haya kwanza. Toa kila kitu humo ndani, midoli mikubwa, mito, na vile vigodoro vya kuzungushia pembeni, vyote anavikanyaga kupata urefu. Kama kitanda chako upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine kigeuze, ule mfupi uangalie ukutani. Mvalishe mfuko wa kulalia, ule wenye zipu usiokuwa na miguu, akiwa ndani yake hawezi kupanua mguu mpaka juu, na kama anajua kufungua zipu uvalishe kinyume zipu iwe mgongoni, ila chagua mwepesi asiungue na joto. Ukimkuta anapanda usicheke wala usimpigie kelele, vyote viwili kwake ni zawadi, mshushe tu, mwambie hatupandi, basi.

Kitu kimoja usikinunue hata ukikiona kinauzwa, ile hema ya wavu ya kufunika juu ya kitanda mtoto asitoke. Kuna watoto wamenaswa shingo humo.

Mama Tunu

Asanteni sana, nimepima akiwa kwenye mudi nzuri baada ya kuoga. Yeye ni sentimita 86, na kutoka juu ya godoro mpaka kwenye ubao ni 55. Ubao unamfika chini kidogo ya kifua. Ule mfuko nilimjaribishia wa binamu yake mchana, akalia mpaka akavimba macho akitaka avuliwe, hajawahi kuzoea.

Nimesahau kusema kitanda chenyewe ni kile ambacho upande mmoja unashuka na kupanda, nilikuwa nawaza kwa nini nisiuache tu umeshushwa apande na kushuka mwenyewe, si itakuwa kama kitanda cha kawaida?

Nesi Mstaafu

Mwanangu, kwa vipimo hivo na huo mguu unaofika juu, usisubiri miaka mitatu. Robo tatu ya 86 ni sitini na nne na nusu, na ubao wako ni 55. Mama wa Watatu amesema kweli, kuchelewa kuna faida yake, ila kwa mtoto ambaye hapandi. Wa kwako anapanda na mfuko ameukataa, kwahiyo mlango wa kusubiri umefungwa. Naandika kirefu unisamehe, nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na haya mambo yananigusa.

Kwanza hicho kitanda. Usiuache upande umeshushwa, bado unabaki ubao wa kumkwaza mguu akiwa na usingizi, na zile klipu na reli za kushushia ndizo zinazoharibika. Zikilegea, upande unaachia sehemu moja, inabaki nafasi kati ya godoro na ubao, mtoto anateleza humo anabanwa shingo au kifua. Vitanda vya namna hiyo Marekani vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa kuanzia Juni 2011 kwa sababu watoto walikufa. Kwahiyo hata yule anayekuja usimrithishe. Huyo mtafutie chenye pande nne zisizoshuka, fito zake zisiachane zaidi ya sentimita 6, kipimo rahisi ni kopo la soda, likipita katikati ya fito kitanda hicho hakifai. Godoro liwe gumu na libane pembe zote. Kuna vitanda vingine vimetengenezwa makusudi upande mmoja unang'oka ukawekewa ukingo mfupi, hivo vya kubadilika ni sawa, ila ni kama vimetoka kiwandani hivo, siyo fundi wa mtaani kuja kukata.

Sasa chumba. Kuanzia usiku atakaohamia, chumba kizima ndo kitanda chake, chukulia hivo. Yale yote ambayo fito zilikuwa zinamkinga nayo sasa anayafikia peke yake gizani na wewe umelala. Piga magoti uzunguke chumba ukiwa na urefu wake.

Kabati la droo ndo adui mkubwa kuliko kuzurura kwenyewe. Mtoto anavuta droo ya chini, ya kati, anazikanyaga kupanda juu, kabati linainama linamlalia. Lifunge ukutani kwa skrubu na vile vyuma vya pembe au mikanda yake, hata kama unaliona zito, hata kama ni fupi. Tivii pia, ama ifungwe ukutani ama itoke humo chumbani. Kamba za mapazia, hata yale ya kuvuta juu na chini dirishani, zinyanyuliwe kabisa asizifikie hata akisimama kitandani, kamba ikizunguka shingo mtoto hatoi sauti. Kitanda kikae mbali na dirisha, na usidanganyike na wavu wa kuzuia mbu, ule unazuia mbu, mtoto akiuegemea unatoka naye.

Dawa, mafuta ya kupaka, sarafu, vyote vihame. Na kuna kitu wazazi wengi hawakijui, zile betri ndogo bapa za duara za kwenye remoti na midoli inayoimba. Akimeza ikakwama kooni inaunguza nyama ndani ya masaa mawili tu, ukihisi kameza hiyo ni hospitali muda huo huo, usingojee asubuhi. Bafuni usiache ndoo ya maji, mtoto anazama kwenye maji ya kina cha sentimita chache.

Mlango usiufunge kwa ufunguo, moto ukitokea kila sekunde ina maana. Weka kigeti cha mlangoni, unamsikia na kumuona na hatoki. Kama nyumba ina ngazi, huko juu ya ngazi kigeti kiwe cha skrubu ukutani, vile vya kubana tu vinasukumika.

Kitanda chenyewe kiwe kifupi kutoka sakafuni, hata godoro lenyewe chini linatosha, ila lisimamishe kila asubuhi lipate hewa la sivyo chini linapiga ukungu. Kama kitanda kina kimo, weka kizuizi cha pembeni, vile vya kuchomeka chini ya godoro. Hivo ni vya watoto wa miaka miwili mpaka mitano wanaoweza kupanda na kushuka wenyewe, mdogo zaidi ya hapo hapana. Kila jioni kisukume kibane godoro, pasibaki nafasi, na upande wa ukutani hivo hivo, ama kitanda kibane ukuta kabisa ama kikae mbali nao, usiache upenyo wa kichwa. Dabodeka asilale juu kabla ya miaka sita. Mto mwembamba na blanketi jepesi kwa umri wake hayana shida.

Dulla wa Kona

Wakuu mbona safari ndefu hivo, dada mpe ile dawa ya mafua ya maji kijiko kimoja jioni, analala mpaka kunakucha wala hatashuka, watu wengi tu wanafanya

Nesi Mstaafu

Dulla mwanangu hapana, na naomba yeyote anayesoma asifanye. Nyingi ya hizo dawa zinazoleta usingizi zina promethazini au ndugu zake. Promethazini haitakiwi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kukandamiza pumzi mpaka ikasimama, onyo hilo limeandikwa kwenye pakti yake Marekani tangu 2004, na kwa aliyezidi miwili bado siyo dawa ya kumlazia mtoto mzima wa afya. Wengine inawageuka, badala ya kulala wanacharuka usiku kucha. Mtoto anayeshuka kitandani haumwi.

Baba Pacha

Naunga mkono nesi kwa asilimia mia, na hapo kwenye chumba kizima kuwa kitanda ndo pananipa mimi sehemu ya kuanzia maana wengi tunaangaika na kitanda gani tununue wakati kazi iko kwenye mlango na kamba za pazia.

Nije kwenye kuzurura. Mama Tunu, atashuka. Labda siyo usiku wa kwanza, wengi siku za mwanzo wanalala vizuri kwa sababu hawajagundua kama wanaweza kushuka, mzazi anafurahi anatangaza mambo yamekwisha, alafu siku anayogundua ndo sinema inaanza. Usivunjike moyo hapo, ndo kawaida.

Dawa yake ni kumrudisha kimya. Akitoka unamshika mkono unampeleka kitandani, mara ya kwanza unasema sasa ni usiku tunalala, mara zinazofuata husemi kitu. Huwashi taa kubwa, humbebi, humuulizi unataka nini, humwimbii, humgombezi. Uso uwe mtulivu tu. Anachotafuta nje ya chumba ni wewe, sasa akikupata kila akitoka, hata kama unakuja na hasira, safari imelipa. Akirudishwa bila maneno wala tamasha inamchosha. Ugumu uko kwa sisi wazazi, baba anarudisha kimya mama anampa maji, kesho yake mtoto anatoka akimtafuta mama. Kubalianeni wawili kabla, mpangiane zamu, hasa wewe na ujauzito wako usiwe unaamka peke yako.

Kama unaona hilo ni kali kwako kuna njia ya kiti. Unakaa kwenye kiti karibu na kitanda mpaka alale, humwangalii sana wala hupigi stori, baada ya siku kadhaa kiti kinasogea katikati ya chumba, baadae mlangoni, baadae nje ya mlango anakuona kivuli, mwisho hakuna kiti. Inachukua muda ila machozi ni machache. Chagua moja, ukichanganya zote mbili anachanganyikiwa yeye.

Akishafika miaka mitatu kwenda juu kuna ya kadi, hii alikuja nayo mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Patrick Friman na wenzake, waliiandika 1999. Unampa mtoto kadi moja kila usiku, inamruhusu kutoka mara moja tu kwa haja moja fupi, maji, kumkumbatia mama, chochote. Akiitumia anaikabidhi, hapo mpaka asubuhi. Wengi wanaishia kulala nayo mkononi hawajaitumia maana wanataka kuitunza. Kwa Tunu wako saivi bado mapema, iweke akiba.

Bi Mkubwa

Assalam aleikum wanangu. Mi naongelea hilo la mdogo wake anayekuja maana naona limepitwa haraka na kwangu ndo lenye uzito.

Mama Tunu, miezi mitatu kabla ya kujifungua ni muda mzuri, usiuache uishe. Mtoto akipewa wiki sita mpaka nane kabla ya mgeni anakuwa ameshasahau kama alikuwa na kitanda kingine. Lakini kama mambo yangekuwa yamekubana, umebakiza wiki mbili tatu, ningekwambia acha kabisa mpaka kichanga afike miezi mitatu minne nyumba itulie. Kinachomuumiza mtoto ni kuhamishwa wiki hiyo hiyo anayomuona mwingine amelala pake.

Na kichanga hahitaji kitanda kikubwa cha fito tangu siku ya kwanza. Miezi ya mwanzo analala chumba kimoja na nyie, kwenye kitanda chake kidogo cha kichanga au kisusu kilicho bapa na kigumu, kwahiyo mna muda wa kutafuta hicho kingine alichosema nesi. Kile cha zamani kifunguliwe vipande kabisa, asikione kimesimama tupu chumbani kila siku kikimkumbusha.

Maneno unayomwambia uyaangalie. Usimwambie wewe sasa mkubwa kitanda hiki tunampa bebi. Mtoto anayeambiwa ni mkubwa kila saa huku anaona wadogo ndo wanabebwa, anataka arudi kuwa mdogo. Mwambie hiki ni kitanda chako, tumekileta kwa ajili yako, basi, bebi asitajwe hata kidogo kwenye mambo ya kitanda. Mshirikishe, achague shuka, asaidie kutandika, aweke mdoli wake mwenyewe upande anaoutaka. Kila kilichokuwa kwenye kitanda cha zamani kihamie naye, lile blanketi lake lisifuliwe siku hiyo, harufu anayoijua inamtuliza. Mpangilio wa jioni ubaki ule ule, kuoga, nguo za kulalia, hadithi, dua, taa, kwa mfuatano ule ule, kitanda tu ndo kigeni.

Na pampasi iache. Aliyekushauri vyote kwa mpigo ana nia njema ila mtoto anabeba kimoja kwa wakati. Kuhama kitanda, kuacha pampasi, kuacha kunyonya, kuanza chekechea, kila kimoja kipewe nafasi yake. Watoto wengi hata wakishaacha pampasi mchana bado usiku wanaihitaji kwa muda mrefu, na hilo siyo uvivu, mwili wa usiku unakomaa kwa ratiba yake.

Mama wa Watatu

Nimesoma vipimo, na klipu zile zinazoshuka sikujua kama zipo hapo, basi nakubaliana na nesi, mhamishe. Kwa vitanda vya kawaida na mtoto asiyepanda msimamo wangu uko pale pale.

Wanaoishi sehemu zenye mbu, neti ya kitanda kipya ichomekwe chini ya godoro pande zote kama mnavyofanya kwenye chenu, na mfundishe mchana kuinyanyua na kutoka, maana usiku akitaka kushuka anajisokota nayo. Isiwe ya kamba ndefu zinazoning'inia karibu naye.

Mama Tunu

Jamani nawashukuru mpaka nakosa maneno. Nimeongea na mwenzangu, tumekubaliana godoro lake dogo tunaliweka chini kwanza na Jumamosi anafunga kabati na kuweka kigeti. Kitanda kile tunakitoa, sitamrithisha mtu.

Mawili bado sijajibiwa. Mchana au usiku kwanza? Na akiamka saa kumi na moja alfajiri je, maana alikuwa akiamka mapema anabaki humo anacheza na mdoli mpaka niende, sasa si atakuja kutuamsha?

Nesi Mstaafu

Mchana au usiku wataalamu wenyewe hawasemi kitu kimoja. Mimi napenda kuanza na usiku, kwa sababu usiku usingizi wenyewe unamvuta, mchana ni mwepesi na nje kuna mwanga na sauti za watu, ni rahisi kuukataa. Ukianza, vyote viwili vihame ndani ya siku chache, siyo mwezi mzima mchana huku usiku kule, na huko kwenu kitanda kile mnakitoa kwahiyo hata swali lenyewe linajijibu. Asipolala mchana usimlazimishe, muda huo abaki chumbani kimya na vitabu vyake vya picha.

Angalia na masaa. Umri wa mwaka mmoja mpaka miwili wanahitaji masaa 11 mpaka 14 kwa siku nzima ukijumlisha na ya mchana, wa miaka mitatu mpaka mitano 10 mpaka 13. Huyu wako hajafika mitatu, bado yuko kwenye lile kundi la kwanza. Kama mchana analala mpaka jioni alafu saa mbili usiku unamlaza, atashuka kwa sababu hana usingizi, na hapo hata umrudishe kimya vipi hamtafika. Mwamshe mchana mapema kidogo kabla hujalaumu kitanda.

Baba Pacha

Alfajiri tumia taa. Siyo lazima zile saa za watoto zinazobadilika rangi, taa ndogo ya kawaida ukaichomeka kwenye taima inatosha, iwake muda unaotaka atoke. Taa haijawaka ni usiku, cheza na mdoli wako kitandani, taa ikiwaka unaruhusiwa kumwita mama. Anza na muda ule ule anaoamka mwenyewe, yaani kama ni saa kumi na moja na nusu weka hapo hapo ashinde kwanza, aelewe mchezo, alafu ndo uwe unasogeza dakika chache chache. Ukiweka saa moja kamili tangu siku ya kwanza unampa kazi asiyoiweza, na wa miaka miwili atachukua muda kuelewa kwahiyo msifie kila anapongoja hata kidogo. Taa ya usiku nayo iwe hafifu, ya rangi ya njano au nyekundu, aone njia tu, ikiwa kali inamwamsha yenyewe.

Na asubuhi ukienda kumchukua, au usiku ukienda kuchungulia, mlango usukume taratibu, watoto wengi wiki za mwanzo wanashuka wanalala sakafuni nyuma ya mlango na ukiufungua kwa nguvu unampiga nao.